"Hazina haijatuma": nani hasa amekalia pesa zako?

SWALI: Mimi nauza nafaka. Mwezi wa Machi mwaka jana nilipeleka unga na maharagwe katika hospitali ya kaunti yetu, mali ya Sh640,000. Kila nikienda afisi ya fedha naambiwa "Hazina haijatuma pesa." Machi nyingine imepita. Kwenye runinga gavana naye analia vivyo hivyo, lakini juzi tu alizindua magari mapya. Nani anasema ukweli? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Dada, huenda afisa huyo hakudanganyi, ila anakujibu swali ambalo hukuuliza. Hazina ya Kitaifa huchelewesha pesa za kaunti, hilo halina ubishi. Lakini kuchelewa huko kunaeleza kwa nini muuzaji hukaa miezi miwili au mitatu bila malipo. Machi hadi Machi ni jambo jingine. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba pesa zako hazikukwama njiani, hazikuwahi kuwepo. Haya ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake, basi kwanza tuyatenganishe.

Tuanze na njia ya pesa. Kodi kubwa zote (kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa) ni za serikali ya kitaifa. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya kimeziachia kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma zake kama vile maegesho, soko na leseni za biashara. Ndiyo maana kaunti nyingi huishi kwa mgao kutoka Nairobi. Kodi inayokusanywa na KRA (mamlaka ya ushuru) huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali ulioko Benki Kuu. Kutoka hapo mgao huhamishiwa Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambao pia uko Benki Kuu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka Hazina ifuate ratiba iliyopitishwa na Seneti na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, na magavana wamezoea kuhesabu siku kuanzia tarehe 15 ya kila mwezi. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba pesa hizo zipelekwe bila kuchelewa na bila kukatwa.

Zikishafika kwenye mfuko wa kaunti, magavana hunyamaza, lakini wewe bado uko mbali nazo. Kaunti haiwezi kutoa hata shilingi moja humo kabla ya Msimamizi wa Bajeti, afisa huru wa kikatiba, kuidhinisha. Kaunti huandika ombi na kuambatisha maelezo ya matumizi. Likikubaliwa, pesa huhamia akaunti ya matumizi ya kawaida au ya maendeleo. Kisha malipo yako hutengenezwa ndani ya IFMIS (mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali), hupitia mikono kadhaa ya kuidhinisha, na mwishowe hutumwa kwa mfumo wa malipo wa Benki Kuu hadi akaunti yako. Ombi likirudishwa kwa sababu ya stakabadhi pungufu, wiki imepotea. Mwenye idhini ya mwisho akisafiri, siku nyingine zimekwenda. Hayo yote Hazina haihusiki nayo.

Sasa, Hazina huchelewa kwa nini? Mfuko Mkuu ni kisima kimoja chenye wachotaji wengi, na foleni imepangwa na Katiba yenyewe. Deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka mfuko huo bila kusubiri bunge liligawie fungu kila mwaka. Kadhalika pensheni na mishahara ya majaji. Deni hilo lilivuka Sh10 trilioni mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, ziliiva dola bilioni 2 za Eurobond (mkopo kutoka kwa wawekezaji wa ng'ambo) iliyouzwa 2014, na nchi ililazimika kukopa upya mnamo Februari 2024 ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo la zamani. Mkopeshaji wa ng'ambo akicheleweshwa, nchi nzima hupandishiwa riba. Kaunti ikicheleweshwa miezi miwili, gavana huita wanahabari. Aliyeketi Hazina siku ambayo makusanyo hayakutosha anajua ni nani wa kuambiwa asubiri. Sisemi ni halali. Ninaeleza tu kwa nini hutokea kila mwaka, chini ya kila waziri.

Kuna tofauti nyingine ambayo husahaulika. Serikali ya kitaifa ikipungukiwa huuza hati za Hazina mnadani kila wiki. Kaunti haina mlango huo: Kifungu cha 212 kinairuhusu kukopa iwapo tu serikali ya kitaifa imedhamini mkopo na bunge la kaunti limekubali. Kwa hivyo serikali ya kitaifa ikikosa pesa hukopa sokoni. Kaunti ikikosa pesa hukukopa wewe, bila riba na bila kukuuliza.

Ubaya wa kuchelewa huonekana zaidi mwezi wa Juni. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na mara nyingi mgao wa mwezi mmoja au miwili ya mwisho hufika siku za mwishomwisho kabisa, au Julai. LPO yako (hati ya kuagiza bidhaa) ya Machi ilikuwa imetengewa pesa katika bajeti ya mwaka ule. Isipolipwa kufikia siku ya kufunga, fungu lile hufa nayo. Pesa zikija Julai huhesabiwa ndani ya mwaka mpya, na deni lako haliingii mwaka huo lenyewe: ni lazima mtu aliandike katika orodha ya madeni, na bunge la kaunti lilipitishe katika bajeti mpya au ya nyongeza. Hapa ndipo wauzaji wengi wadogo hupotelea. Wanasubiri "Hazina itume," Hazina inatuma, na jina lao halimo kwenye bajeti inayotumika. Ukiniuliza lako lilikwama wapi, mahali hapa ndipo ningepachunguza kabla ya pengine pote.

Kuhusu kelele za "tumenyimwa pesa" ambazo gavana anazipiga kwenye runinga, nazo zina msingi, ila si ule anaoutaja. Katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini Kifungu cha 203 kinataka hesabu hiyo ifanywe kwa mapato ya mwaka wa karibuni zaidi ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na Bunge huwa nyuma kwa miaka kadhaa. Mgao wa 2024/25, kwa mfano, ulipimwa kwa mapato ya 2020/21, yaani karibu Sh1.57 trilioni. Asilimia 15 ya hizo ni kama Sh235 bilioni. Kaunti zilipata Sh387.4 bilioni, na Hazina ikajigamba kwamba imetoa karibu asilimia 25. Ni kweli kwa kipimo hicho. Kipimo chenyewe ni cha mwaka wa korona, na bei ya unga tangu hapo unaijua wewe kuliko mimi.

Kiasi kinachozidi hiyo asilimia 15 hakina kanuni. Kinaamuliwa kwa kuvutana. Kaunti zilianza na Sh190 bilioni mwaka wa 2013/14, zikakwama kwenye Sh316.5 bilioni kwa miaka miwili mfululizo, 2019/20 na 2020/21, zikapanda hadi Sh370 bilioni mwaka uliofuata, nazo 2025/26 zikatengewa Sh415 bilioni. Kila kupanda kumekuwa na vita vyake. Mwaka wa 2019 Seneti na Bunge la Taifa walishindana hadi mwaka mpya wa fedha ukaanza bila sheria ya mgao, na suala likafika Mahakama ya Juu, ambayo Mei 2020 ilishauri kwamba Bunge la Taifa halipaswi kupitisha bajeti yake kabla ya mswada wa ugavi wa mapato. Kisha 2024 Sh400 bilioni zikatiwa saini, Mswada wa Fedha ukaangushwa na maandamano ya Juni, Hazina ikataka kurudi hadi Sh380 bilioni, Seneti ikakataa. Mwafaka wa Sh387.4 bilioni ulikuja mwaka wa fedha ukiwa umekaribia nusu. Jiulize kaunti iliyokuwa imepanga bajeti kwa hesabu ya Sh400 bilioni ilifanyaje na LPO zilizokwisha kutolewa.

(Wazee wanaokumbuka majimbo hawashangai. Katiba ya 1963 ilitoa mamlaka kwa majimbo, serikali kuu ikayabania pesa, na kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yamefutwa. Si ajabu kwamba waliotunga ya 2010 waliitaja asilimia yenyewe ndani ya Katiba.)

Sasa tuje kwa ugonjwa wa pili, ambao magavana hawautaji: mapato ya ndani yaliyopuliziwa hewa. Chukua kaunti ya kubuni yenye bajeti ya Sh10 bilioni. Mgao ni bilioni 7, ruzuku za masharti bilioni 1, na imejiandikia kwamba itakusanya bilioni 2 zake yenyewe kutoka masoko, maegesho, leseni na ardhi. Mwaka uliotangulia ilikusanya bilioni 1.1. Kila mtu aliyeketi katika kamati ya bajeti anajua kwamba bilioni 2 hazitapatikana. Lakini sheria inataka asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kila diwani anataka mradi katika wadi yake. Njia rahisi ya kumridhisha kila mmoja ni kuongeza tarakimu upande wa mapato. Karatasi inasawazika na bajeti inapita. Mwaka unaisha, makusanyo ni bilioni 1.1 vilevile, na kuna tundu la Sh900 milioni.

Nani anaingia tunduni? Si mishahara, kwa sababu wauguzi watagoma. Na mishahara katika kaunti nyingi imeshapita kikomo cha asilimia 35 ya mapato kilichowekwa na kanuni za 2015. Si bunge la kaunti, kwa sababu ndilo linalopitisha bajeti. Si ruzuku za masharti, kwa sababu zina kazi yake maalum. Anabaki mkandarasi wa barabara na muuza maharagwe. Walikuwa na LPO halali, walileta bidhaa, lakini LPO zao zilisimama juu ya mapato ambayo hayakuwepo. Hata Hazina ingetuma mgao wote tarehe 15 ya kila mwezi bila kukosa, watu hawa hawangelipwa. Ndivyo madeni ya kaunti zote yalivyofika zaidi ya Sh180 bilioni kufikia mwisho wa Juni 2024, zaidi ya nusu yakiwa ya Nairobi peke yake, ambayo sehemu ya mzigo wake ni urithi wa baraza la jiji la zamani.

Kwa kuwa wewe uliuzia hospitali, kuna uwezekano wa tatu. Tangu Sheria ya 2023 ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya, hospitali za umma huruhusiwa kubaki na pesa zinazokusanya, zikiwemo malipo ya bima, na kuzitumia kwa mahitaji yake kama chakula na dawa. Uliza ankara yako ilikuwa ilipwe na akaunti ipi. Ikiwa ni akaunti ya hospitali, basi mgao wa Hazina hauhusiani na deni lako hata kidogo. La kuuliza ni hospitali imelipwa kiasi gani na SHA (bima ya afya ya umma), na madeni ya NHIF (bima iliyoitangulia) yaliyoachwa nyuma yamefikia wapi.

Magari ya gavana? Hayo hutoka fungu tofauti, pengine yalinunuliwa kwa bajeti ya mwaka mwingine au yamekodishwa. Kwa yenyewe hayathibitishi wizi. Ila kaunti inapaswa kulipa madeni yaliyohakikiwa kabla ya kuanza ununuzi mpya, na Msimamizi wa Bajeti amekuwa akizidai kaunti mpango wa kuyalipa. Kwa hiyo swali la kumwuliza diwani wako si "kwa nini magari?" bali "magari yaliingiaje kwenye bajeti kabla ya orodha ya madeni kuisha?"

Kuujua ugonjwa wako ni upi kutakuchukua asubuhi moja. Hazina huchapisha katika Gazeti la Serikali taarifa ya mapato na pesa zilizotolewa, na humo kila kaunti ina mstari wake: iliyotengewa, na iliyopokea hadi tarehe ile. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti ya bajeti za kaunti kila robo mwaka, yenye sura ya kila kaunti. Tafuta ya mwaka mzima ulipouza, uandike namba nne: mgao uliopokelewa dhidi ya uliotarajiwa, makusanyo ya ndani dhidi ya lengo, mishahara, madeni. Ukikuta mgao ulifika wote au karibu wote na makusanyo ya ndani yalikuwa, tuseme, asilimia 55 ya lengo, jibu la "Hazina haijatuma" limekwisha kazi. Piga nakala ya ukurasa huo na uende nao afisini. Mazungumzo hubadilika sana ukiwa na karatasi mkononi.

Halafu kagua faili yako. Unahitaji LPO, hati ya kufikisha mzigo iliyotiwa sahihi na muhuri wa stoo, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji bidhaa, na ankara yenye muhuri wa tarehe iliyopokelewa. Cheti cha kamati ndicho hukosekana mara nyingi: mzigo ulishushwa usiku, karani wa stoo akatia sahihi, kamati haikukaa. Bila cheti hicho deni lako likifika kwa wahakiki au kwa Mkaguzi Mkuu huwekwa upande wa "yasiyo na stakabadhi kamili," na kulitoa huko ni kazi. Tazama pia kama LPO ilitoka ndani ya IFMIS au iliandikwa kwa mkono. Iliyotoka kwenye mfumo ilitengewa pesa siku ile. Ya mkono huenda haikutengewa chochote, ingawa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa kuanza ununuzi wowote kabla ya kuhakikisha pesa zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa.

Baada ya hapo andika barua kwa afisa mkuu wa idara ya afya, nakala kwa afisa mkuu wa fedha. Usimwandikie gavana, anayewajibika kisheria kwa malipo ni afisa mkuu wa idara. Uliza mambo matatu tu: je, deni langu limo katika orodha ya madeni iliyowasilishwa kwa Msimamizi wa Bajeti; limepangiwa bajeti ya mwaka gani; na ni la ngapi katika foleni. Itaje Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa siku 21 kujibu. Wakikaa kimya, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hiyo. Gharama ni barua na nauli.

Kama deni halimo kwenye bajeti, kalenda ndiyo silaha yako. Taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti hufika bungeni kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kati ya hapo na mwisho wa Juni kamati ya bajeti hulazimika kusikiliza umma. Nenda na wauzaji wenzako kumi wenye faili kamili, msomewe majina yenu kwenye kumbukumbu za kikao. Ukingoja Julai umeshachelewa mwaka mzima.

Mahakama ni mlango wa mwisho, si kwa sababu utashindwa kesi bali kwa sababu kushinda hakuleti pesa. Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali inazuia kunadi mali ya umma, kwa hivyo dalali hawezi kugusa hata baiskeli ya kaunti. Ukishapata hukumu utaomba cheti cha amri, kisha amri ya mahakama ya kumlazimisha afisa mhusika alipe, na akikaidi ndipo umshtaki yeye binafsi kwa kudharau mahakama. Kwa Sh640,000 pima gharama ya wakili kwanza. Hata hivyo angalia saa: madai ya mkataba dhidi ya serikali yana ukomo wa miaka 3, na ahadi za mdomo za afisa wa fedha hazisimamishi hesabu hiyo. Mwulize wakili kuhusu riba pia; sheria ya ununuzi, kifungu cha 140, inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa.

Na kabla ya kuchukua LPO nyingine kutoka kaunti hiyo, fanya hesabu hii. Ukikopa Sh500,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi ili kununua mzigo utakaouza Sh550,000, riba ni Sh7,500 kila mwezi. Faida yako yote imeliwa kabla ya mwezi wa saba kuisha. LPO ya Agosti ina miezi kumi ya kulipwa kabla ya vitabu kufungwa. Ya Mei ina wiki chache. Mimi ya Mei ningeikataa, labda walipe nusu kabla sijapakia lori.